Mdai Asiyejulikana Kwao

Ujumbe wenyewe ni mfupi, na ni shida kumpata mkazi wa Dar es Salaam mwenye simu ambaye haujamfikia: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja Fulani.” Haumtaji mtumaji, hautaji kiasi, wala hausemi hiyo hela ni ya nini. Upo na wa kodi, ambao hupenda kuingia mwisho wa mwezi: mimi mwenye nyumba wako, simu yangu imeharibika, kodi nitumie huku. Watu wameuzoea hadi wakaugeuza kichekesho. Wako wanaomjibu tapeli kwa matusi, na wako wanaomwomba awatangulizie nauli.

Lakini aliyeutunga aliujua mji. Asubuhi ya tarehe moja, Mbagala Rangi Tatu au Tegeta, ni nani anayetoka ndani hadaiwi? Huyu ana kodi ya miezi sita, yule ana mchango wa harusi aliouahidi mbele ya kamati, mwingine ana marejesho ya kikundi, na jirani yake bado hajamlipa bodaboda wa jana. Tapeli hana haja ya kujua deni lako. Yeye anatupa ndoano tu. Deni unalo mwenyewe, na tangu utotoni umefundishwa kwamba dawa ya deni ni kulipa.

Polisi na mitandao ya simu huuweka ujumbe huo kwenye kapu moja na wizi mwingine wa mtandaoni. Si kosa, ila ukiutazama vizuri utaona ni udai: mtu anajifanya mwenye haki ya kulipwa. Kutoka hapo hadi kwenye simu za vitisho za mikopo ya mtandaoni, ambazo zimewanyima watu usingizi kuanzia Buza hadi Bunju, si mbali. Na swali ambalo anayepigiwa hujiuliza, huyu anayedai ni nani na ameshika nini, limeulizwa katika mji huu kabla haujawa na waya hata mmoja wa simu.

Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kujenga Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1860, pwani nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa mkopo. Misafara ya kwenda bara ilibeba vitambaa na shanga ambazo hazijalipiwa. Tippu Tip mwenyewe, pamoja na bunduki zake zote, alisafiri kwa mali ya Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, na pembe zikishuka pwani hesabu ilifanywa. Mdai wa namna hiyo alikuwa na jina, ukoo na duka. Kwa mnyonge mambo yalikuwa mazito zaidi. Njaa ilipoikumba Mrima katikati ya miaka ya 1880, zipo familia zilizoweka watu wake rehani kwa wenye chakula: mtoto au mpwa akaenda kukaa kwa mdai, akimfanyia kazi, hadi deni lirudishwe. Wengine hawakurudi.

Neno rehani likabaki, vitu vikabadilika. Chini ya Waingereza mji ulijaa vibarua na makarani wa mshahara mdogo, na maduka ya rehani ya wafanyabiashara wa Kihindi yakawa benki ya asiye na benki. Nguo ya sikukuu ilikuwa inaingia dukani mwezi ukiwa umekaba na kutoka mshahara ukipatikana, kama haijapitiliza siku zake na kuuzwa. Wazee waliita kuweka poni. Kijana wa Tandika leo anasema simu yake ameiweka bondi, akiwa na maana ileile.

Maduka hayo yalishamiri kwenye kivuli cha sheria moja ya ajabu. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilitunga sheria ya kubana mikopo kwa wenyeji, ikaja kuiandika upya mwaka 1931. Kiini chake ni kwamba mfanyabiashara asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika pasipo idhini ya maandishi ya ofisa wa serikali, asitegemee mahakama imsaidie kudai. Watawala walisema wanamlinda mwenyeji asifilisiwe na wenye maduka. Kulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na kulikuwa na dharau nyingi: mtu mzima anayeweza kulipa kodi ya serikali anaonekana hana akili ya kukopa sukari.

Matokeo yake yalikwenda pande mbili. Mwenye duka Mwafrika alibanwa, maana biashara bila mali kauli haikui. Huu ndio mji ambamo Erica Fiah, mwenye duka na mzaliwa wa Uganda, alianzisha mwaka 1934 chama cha kutetea wafanyabiashara Waafrika na mwaka 1937 akatoa gazeti la Kwetu. Upande wa pili, mkopeshaji aliyefungiwa mlango wa mahakama alikuwa na njia nyepesi: ashike kitu. Aliye na kanga yako kabatini hahitaji hakimu.

Sheria hiyo ilifutika na ukoloni wake, ila ilikuwa na wazo moja ambalo mtu wa leo angelitamani: kudai kulihitaji karatasi, na kazi ya kuionyesha ilikuwa ya mdai.

Serikali yenyewe haikujiwekea masharti hayo. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, Waingereza wakaja na sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922, na kwa miaka mingi mwanamume wa Dar es Salaam alitembea na stakabadhi mfukoni kama hirizi. Msako ukipita, asiye na karatasi ndiye mdaiwa, hata kama alilipa juzi na risiti ikaloa kwenye mvua. Uhuru haukumaliza mchezo. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1969, ikarudi miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Wenye umri wa miaka 50 hivi wanakumbuka mgambo kwenye kona, kamba barabarani, na wanaume wanaobadili njia ghafla kama waliosahau kitu nyumbani. Mji ukajifunza jambo ambalo baadaye lingewafaa matapeli: mtu akikujia kwa sauti ya mamlaka na kusema unadaiwa, ni wewe unayetakiwa kujieleza.

Mtaani kulikuwa na utaratibu mwingine kabisa, ambao haukuandikwa katika sheria yoyote.

Daftari la mangi, mwenye duka la mtaani, kwa mfano. Ni daftari la kawaida la shule, jalada limelainika kwa mafuta, kalamu imefungwa uzi. Ndani kila mteja ana ukurasa wake au nusu yake, na jina ni lile la mtaani: Mama Jei, Fundi, Baba Mwajuma wa nyuma. Unga nusu, mafuta ya kupima ya mia tano, sabuni ya kipande. Mangi anaandika mteja anaona. Siku ya kulipa anapiga mstari mteja anaona. Juu ya kaunta limebandikwa tangazo la leo taslimu kesho mkopo, au ile methali ya kukopa harusi kulipa matanga, na chini ya tangazo hilohilo mkopo unaendelea. Deni la daftari lina mashahidi: wateja waliopanga foleni, mtoto aliyetumwa, mangi mwenyewe ambaye anajua unapolala. Udai wa uongo hauna pa kupitia.

Upatu nao ulikuwa hivyo. Katika mchezo wa akina mama, kijumbe hupita nyumba kwa nyumba akikusanya, na anayesuasua hupata salamu zake mlangoni. Mgogoro ukizidi, kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi, cheo kilicholetwa na TANU miaka ya 1960, ambaye angeketi barazani kwake na kuwasikiliza wote wawili. Mara nyingi hakuwa na kitabu cha sheria. Aliwajua wazazi wao.

Benki zilikuwa mbali na haya. Zilitaifishwa Februari 1967 baada ya Azimio la Arusha, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, na kwa muuza samaki wa Temeke mkopo wa benki ulibaki kitu cha kusikia redioni. Madeni makubwa ya benki hiyo yalikuwa ya vyama vya ushirika na mashirika ya umma, mazito kiasi kwamba mwaka 1991 serikali iliunda chombo maalumu, LART, kazi yake ikiwa kukusanya mikopo iliyokwama.

Kilichogusa pembezoni za mji kilikuja miaka ya 1990: vikundi. PRIDE Tanzania ilianza wakati huo kwa mtindo uliotokana na Benki ya Grameen ya Bangladesh, watu watano watano, kila mmoja akimdhamini mwenzake. FINCA ikafuata, na mwaka 2006 ikaja BRAC, ambayo asili yake ni hukohuko Bangladesh. Neno marejesho likaingia jikoni. “Kesho nina marejesho” ikawa sababu ya kutosha ya mwanamke kuchomoka msibani mapema. Mkopo ulipatikana bila hati ya nyumba, na hilo halikuwa dogo, ila mdai alikuwa na sura mpya: sura ya shoga yako. Akikosa mmoja, wengine wanachangia, na waliochangia hawasahau. Sofa, televisheni na majiko vimewahi kubebwa mchana kweupe, majirani wamesimama milangoni, na wanaobeba si polisi wala madalali, ni wanakikundi.

Ukiyafuata mambo haya kwa mfululizo unaona dhamana ikihama. Kwanza alikuwa mtoto. Kisha ikawa kanga. Kisha sahihi, kisha macho ya wenzako wanne. Kila ilipohama ilizidi kuwa nyepesi kubeba, na kila ilipozidi kuwa nyepesi ilikuwa rahisi zaidi kwa asiye mdai kuishika na kujifanya ndiye.

Simu ilimaliza kazi hiyo.

Kampuni ya kwanza ya simu za mkononi, Mobitel, ilianza katikati ya miaka ya 1990, na Vodacom ikaingia mwaka 2000. Aprili 2008 M-Pesa ilifunguliwa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Ndani ya miaka michache kodi, ada, michango na marejesho vilihamia kwenye namba. Anayedai hakulazimika tena kuja mlangoni. Wengi walishukuru. Kijumbe alipumzisha miguu, mwenye nyumba anayeishi Kibaha aliacha kupanda daladala kila baada ya miezi sita. Ila mlango ulikuwa na faida ambayo haikuonekana mpaka ulipoondoka: kwenye mlango unamwona mtu.

Mitandao iliweka kinga. Kabla hujathibitisha malipo, jina la aliyesajili namba linatokea kwenye kioo, ukiona si lenyewe unaacha. Kinga nzuri, na ndiyo hasa iliyozaa maneno yale ya mwisho katika ujumbe wa tapeli: jina litakuja Fulani. Kwa maneno matatu anakuondolea shaka kabla haijakujia. Jina geni likitokea, badala ya kukushtua, linakuthibitishia kwamba mambo ni kama ulivyoambiwa. Sijui kama kuna mtaalamu wa saikolojia aliyelipwa kwa ubunifu wa kiwango hicho.

Fulani mwenyewe mara nyingi ni mtu asiye na habari. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya kuongezwa muda, laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020. Ilitarajiwa kwamba laini isiyo na mwenyewe haitakuwepo tena. Basi wahalifu wakatafuta laini zenye wenyewe. Mteja amesimama juani chini ya mwamvuli wa wakala, ameweka kidole, anaambiwa mashine haijasoma, weka tena. Anaweka. Anaondoka na laini yake moja, na nyuma yake huenda imebaki ya pili yenye jina lake. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, huwasihi watu wabonyeze *106# na kuhesabu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao cha NIDA. Wako wanaokuta namba wasizozijua hata kidogo.

Na anayesema yuko Mbagala hayuko Mbagala. Katika taarifa ambazo TCRA huzitoa kila robo mwaka, mikoa ambayo imekuwa ikiongoza kwa majaribio ya ulaghai yaliyobainika ni Rukwa na Morogoro. Mwenye nyumba wa uongo anaweza kuwa amekaa kwenye kijiji ambacho mpangaji wake wa uongo hajawahi kukisikia, akituma ujumbe uleule kwa namba mia moja zinazofuatana.

Huyo ni tapeli asiyekudai. Yule wa pili ni mgumu zaidi, maana mara nyingine anakudai kweli.

Mikopo ya simu ilianza kwa heshima. Mwaka 2014 Vodacom na benki ya CBA walileta M-Pawa, na mitandao mingine ikaja na yao. Kiasi kidogo, siku chache, ada imeandikwa. Sambamba na hiyo zikazuka programu za simu ambazo mwenyewe hajulikani: hakuna ofisi, hakuna anwani, wakati mwingine jina linabadilika kila baada ya miezi. Mtaani zikaingizwa kwenye ukoo mmoja na wakopeshaji wa vichochoroni wanaoitwa kausha damu. Unapakua, unabonyeza kukubali kila kinachoulizwa, na kati ya unavyokubali kimo kimoja: programu isome majina yote yaliyo kwenye simu yako. Hela inaingia ikiwa imekatwa tayari. Siku saba baadaye inatakiwa na nyongeza yake.

Ukichelewa, hawakupigii wewe tu. Wanampigia bosi, mchungaji, mama mkwe, fundi aliyekutengenezea bomba mwaka juzi. Kuna wanaotumiwa picha ya mdaiwa ikiwa na maneno ya kumwita mwizi. Na kuna simu ya aina nyingine, ambayo inahitaji kutazamwa kwa karibu kwa sababu imewatoa hela watu ambao hawajawahi kukopa: “Wewe ni mdhamini wa fulani, asipolipa leo tunakukamata wewe.” Anayepigiwa anamfahamu kweli huyo fulani. Jina ni sahihi, anapofanya kazi ni sahihi. Anatetemeka, anatuma elfu ishirini yaishe.

Udhamini wa namna hiyo haupo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano ya hiari. Jina lako kuokotwa kwenye simu ya mtu mwingine hakukufanyi uwe umekubali chochote. Hata deni halisi lina mipaka yake. Kwa Sheria ya Ukomo, shauri la deni la mkataba halifunguliwi baada ya miaka 6. Hakuna polisi anayetumwa kukamata watu kwa sababu mkopo umechelewa siku mbili: deni ni la madai, linakwenda mahakamani, na dalali wa mahakama anayekuja kushika mali anakuja na amri iliyoandikwa. Hata kifungo cha madai, ambacho bado kimo katika sheria ya mwenendo wa kesi za madai, kina kichekesho chake: anayetaka mdaiwa wake afungwe hutakiwa kumlipia posho ya kumtunza akiwa gerezani. Wakopeshaji wa simu hawalitaji hilo wanapotisha.

Kenya ilitangulia kuungua. Programu za mikopo zilivyokithiri Nairobi, Benki Kuu ya nchi hiyo ilipewa mamlaka juu yake kwa sheria ya 2021 na kanuni za Machi 2022. Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa taarifa ikaitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu wengine kutuma vitisho. Marekani walikwishakataza tangu mwaka 1977 mkusanya madeni kuwatangazia jamaa na majirani habari za deni la mtu, enzi ambayo simu zilikuwa za waya ukutani.

Tanzania ilikuwa na vipande vya ngao, vimetawanyika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuwepo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 ilimtaka kila mkopeshaji mdogo awe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023 na kuunda Tume yake. Mwaka 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huo ikataja hadharani majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila kibali. Orodha ile ilisomwa mitaani kama matokeo ya mtihani: watu walitafuta jina la aliyewatesa, wakashusha pumzi. Baadhi waliuliza swali la haki kabisa: je, deni langu limefutwa? Hakuna aliyewajibu hivyo, na matapeli waliiona nafasi. Jina likifungiwa, mtu yeyote anaweza kupiga simu na kusema ndiye aliyerithi madeni yake.

Hapo ndipo penye ugumu wa kuripoti. Milango ni mingi, na aliyetishwa saa nne usiku hajui aanze na upi.

Ujumbe wa “ile hela” una njia yake iliyonyooka: unaupeleka namba 15040, namba ya TCRA na mitandao ya kupokea taarifa za utapeli, na kuitaja namba iliyoutuma. Ni kazi ya dakika moja. Wengi hawaifanyi kwa sababu hawakuibiwa. Wanafuta na kuendelea, na namba inaendelea kwa mwingine. Anayejidai kuwa mtandao wako wa simu na kutaka namba ya siri anajiumbua mwenyewe, maana huduma kwa wateja ya mitandao hupiga kwa namba 100. Kama hela imeshakwenda, hesabu ni ya dakika: mtandao unaweza kuizuia ikiwa bado imo kwenye akaunti, ikishatolewa kwa wakala kinachobaki ni polisi. Kule Chang'ombe kwa watu wa Temeke au Oysterbay kwa watu wa Kinondoni, mlalamikaji huchukua RB, namba ya taarifa yake kituoni, na RB bila muamala, namba, saa na ujumbe wenyewe haina mashiko. Kosa la kawaida, na linaloumiza, ni mtu kufuta vitisho kwa hasira kisha kwenda kuvisimulia kwa mdomo.

Kwa mkopeshaji wa programu, swali la kwanza ni leseni, na Benki Kuu huchapisha majina ya waliopewa. Mwenye leseni ana kitu cha kupoteza. Kwa daraja lake la leseni, riba haitakiwi kuzidi asilimia 3.5 kwa mwezi, na mwongozo unamkataza kufukua majina ya watu katika simu ya mteja au kumdhalilisha. Akikaidi, malalamiko yaliyoandikwa kwake kwanza na Benki Kuu baadaye yana uzito. Asiye na leseni hana cha kunyang'anywa, kwa hiyo kesi yake inaangukia polisi na TCRA. Na mtu wa tatu, yule fundi bomba aliyepigiwa kwa deni lisilo lake, ana mlango ambao wachache wanaufahamu: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yeye ndiye mwenye kesi safi kuliko wote, kwa kuwa hakukopa, hakusaini, na hakumpa mtu ruhusa ya kulishika jina lake.

Ni nadra yeye kwenda. Ni nadra zaidi mdaiwa kwenda. Sababu si ujinga wa sheria, ingawa upo. Ni aibu. Kumweleza askari wa zamu kwamba ulikopa elfu themanini kwa ajili ya ada, ukashindwa, na sasa picha yako inazunguka kwenye kundi la kanisa, ni kujifilisi mara ya pili mbele ya mwingine. Wanaopiga simu wanalijua hilo kuliko riba yao. Kwa hiyo kampeni za serikali, ikiwemo ile ya Sitapeliki, zikimfundisha mtu kumtambua tapeli zinafanya nusu ya kazi tu. Aliyenaswa anahitaji pia meza ya kulalamikia ambako hatachekwa.

Mtaa, kama kawaida yake, haukusubiri. Wapangaji wa vyumba vya kupanga huko Yombo na Kijichi wamejizoesha kumpigia mwenye nyumba kwa namba ya siku zote kabla ya kutuma kodi, hata kama ujumbe umetoka kwa mwenye nyumba wa kweli, na wazee wa nyumba hizo wamekoma kukasirika. Vikundi vya vikoba vingi hupokea hela kwa namba moja ambayo wanachama wote walikubaliana kikaoni, na mweka hazina akibadili namba lazima asimame aseme kwa mdomo wake.

Dukani kwa mangi daftari bado lipo, ila sasa juu ya kaunta pamebandikwa na karatasi ya lipa namba, pale lilipokuwa tangazo la leo taslimu. Mteja anaandika namba, anaandika kiasi, kisha anasita na kidole kikiwa juu ya kitufe. Anasoma kwa sauti jina lililotokea kwenye kioo. Mangi anainua kichwa kutoka kwenye mizani. “Ndiye mimi,” anasema, na mteja anabonyeza.